Usimwombe Barua Anayekuita Mwanangu

Mmeniomba, vijana wa ukaguzi, niwaandikie kumbukumbu za kazi kabla sijafunga virago hapa Guangzhou. Najua mlichokuwa mnakitaka. Mlitaka vichekesho: Ma'mkubwa, yaani mimi, alivyopotea stesheni, Ma'mkubwa alivyogombana na muuza viatu mpaka wakaishia kunywa chai pamoja. Baadhi ya hayo mtayapata. Lakini nawaambia mapema kwamba naandika nimekasirika, na sijapanga kupoa nikifika mwisho. Habari za mishahara na kupanda ngazi siziandiki, mshahara mnaujua wenyewe. Nataka kuwaandikia jinsi kazi hii inavyofanywa, na jinsi ilivyobaki kidogo tu mwenzenu Neema akose chuo kwa sababu ya neno moja la mapenzi.

Nilikuwa fundi cherehani Tanga, mshonaji wa magauni ya harusi na sare za shule. Mwenye kampuni yetu, Kibwana, alikuwa akipeleka nguo, viatu na mikoba Dar es Salaam, na alikuwa amechoshwa na malalamiko ya wateja. Akatafuta mtu anayejua kitambaa, nikapatikana mimi. Nilikuja na sweta moja jepesi kwa kuwa niliambiwa kusini mwa China ni joto tupu. Aliyeniambia hakuwahi kukanyaga hapa mwezi wa Januari.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Haji, Mzanzibari mwembamba aliyekuwa mkaguzi peke yake kabla yangu. Hakuwa mtu wa maneno. Alinipa futi ya fundi, mkasi mdogo, lensi ya kukuzia na leso nyeupe ya pamba, akasema vitendea kazi ndivyo hivyo, mengine yote ni porojo. Tukaenda Liuhua, kwenye masoko ya jumla yaliyoizunguka stesheni ya treni, ambako mtu anakupitishia toroli juu ya vidole vya miguu na kukulaumu wewe kwa kuwa na vidole. Huko akanifundisha kunusa viatu. Msicheke. Gundi isiyokauka ina harufu inayopanda puani kama pilipili, na kiatu chake kikikaa wiki kadhaa kwenye joto la kontena kinafika nyumbani kimeshaachama mdomo. Nilinusa viatu kutwa nzima hadi kichwa kikaanza kugonga. Mwenye duka alidhani tumechanganyikiwa, na mkewe akatuletea kiti tupumzike.

Haji alikuwa na tabia moja ambayo nimewarithisha wote. Akikataa mzigo, alikuwa akiandika jina lake kamili kwenye kadi na kuifunga kwenye mfuko ule. Nilimuuliza kwa nini asiandike jina la kampuni tu. Akajibu kwamba mzigo ukiukubali, watu wanakusahau kabla hujafika mlangoni, lakini ukiukataa wanataka kujua wewe ni nani, kwa hiyo ni adabu kuwaambia.

Tulikuwa tukienda Shiling pia, kule kwa watengeneza mikoba, kwa gari la kukodi kwa sababu basi lilikuwa likitufikisha tumeshachoka kabla hatujaanza. Nakumbuka mzigo wa mabegi ya shule ambao kwa macho haukuwa na kasoro hata moja. Rangi safi, zipu inateleza. Haji akayajaza mabegi matano chupa za maji, akayatundika mlangoni, akamwambia laoban, yaani mwenye kiwanda, twende tukale kwanza. Tuliporudi mawili yalikuwa sakafuni, mikanda imebaki mlangoni peke yake. Laoban akasema chabuduo, neno ambalo mtalisikia hadi mlichukie, maana yake ni karibu sawa, haina neno. Haji akamjibu kwamba mtoto anayekwenda shule na begi hilo yeye atafika, vitabu vitabaki njiani. Mzigo wote ukarudi kushonwa upya.

Sasa niwaambie habari za Kibwana, ingawa mnamjua. Alitukusanya mwanzoni kabisa akasema hapa hakuna bosi wala mfanyakazi, hapa ni familia, yeye ni baba yetu. Kwa mtu aliye ugenini, maneno hayo ni chakula. Kila mmoja akapata jina lake. Yeye akawa Baba, mimi nikawa Ma'mkubwa, waliokuja baadaye wakawa wanangu na binti zangu. Idd tulikula kwake, Krismasi tulikula kwake. Ukiugua, alikuja na supu mwenyewe. Nayasema haya ili msidhani nimemchukia tangu zamani. Ila katika familia hiyo hakukuwa na mtu mwenye wadhifa. Muhuri wa kampuni ulikaa kwenye saraka ya Baba, na ufunguo wa saraka ulikaa mfukoni mwa Baba.

Haji aliporudi kwao Unguja nilibaki na kazi yote, mpaka alipokuja Neema. Huyu ni wa Morogoro. Alikuja China kwa ufadhili, akasoma shahada ya kwanza ya nguo hapa hapa, akamaliza, akaingia kwetu. Alikuwa akizungumza Kichina mpaka madereva wanageuka kumtazama. Nilimpeleka Zhongda, soko la vitambaa, ambako marobota yanapita juu ya baiskeli za umeme na vumbi la pamba linakufuata hadi nyumbani. Nikampa leso nyeupe, nikamwonyesha kuilowesha na kuisugua juu ya kitambaa kuona kama rangi inatoka. Alitazama, kisha akanieleza kwa nini inatoka. Nilikuwa nimeifanya kazi ile miaka mingi kwa mkono, na nilifurahi kama mtoto kupata mtu wa kuzungumza naye.

Kesi iliyomfanya ajulikane ilikuwa ya kanga. Kiwanda cha mama mmoja, Liang, chenye duka Zhongda, kilikuwa kikituchapia kanga. Mnajua wapangaji wa chapa kule hawasomi Kiswahili, wanainakili ile mistari ya maneno kama mtu anavyonakili picha ya ua. Mara hiyo herufi moja ilidondoka. Maneno yaliyokuwa salamu ya heshima kwa mama mkwe yakageuka tusi ambalo mimi, na umri wangu, siwezi kuliandika hapa. Mzigo mzima ulikuwa umeshachapwa na kukunjwa.

Neema akaukataa. Laoban Liang akamwambia ni herufi moja tu, chabuduo, nani atakayeiona. Neema akamwambia kwetu kanga inasomwa kabla haijavaliwa, na hii ikivaliwa, ndoa inavunjika. Liang alipiga kelele mpaka wabeba marobota wakasimamisha baiskeli zao kutazama, kisha akamfukuza dukani. Kibwana naye akaja juu. Alitaka tuzichukue kwa bei ya kutupa akaziuze mikoani, na akamwambia Neema kwamba binti hamwaibishi baba yake mbele ya watu. Neema hakubadili. Aliandika jina lake kwenye kadi, akafunga, akasubiri. Kanga zikachapwa upya kwa hasara ya kiwanda. Mwaka uliofuata nilimsikia Kibwana akiwasimulia wageni jinsi yeye alivyoigundua ile herufi. Neema alikuwa anawamiminia chai, akaendelea kumimina.

Mnielewe hapo. Hakuna mtu pale ofisini aliyeona kwamba mtu amenyang'anywa kitu. Baba akisema nimefanya, si ni sisi sote tumefanya?

Mwaka huu Neema akaamua kurudi chuoni. Alitaka shahada ya pili ya utiaji rangi wa vitambaa, ili baadaye arudi Morogoro kwenye viwanda vya nguo, awe yeye anayezuia rangi isitoke badala ya kuwa yeye anayekataa. Ufadhili aliokuwa akiuomba una kikomo cha umri, na kwake huu ulikuwa mwaka wa mwisho. Akikosa, amekosa moja kwa moja. Na walitaka barua mbili za wadhamini: moja ya mwalimu aliyemfundisha, nyingine ya msimamizi wake wa kazi, yenye muhuri.

Hapa ndipo kila mtu alipogeuka mshauri. Mmoja alisema amtafute ofisa wa ubalozi, kwa kuwa barua yenye nembo inatisha. Mwingine akamtaja kiongozi wa kanisa, mwingine mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania, ambaye alikuwa amemwona Neema mara moja akigawa sahani kwenye sherehe. Tunapenda sana mtu mkubwa atusemee. Neema akaachana nao. Kwa mwalimu alifanya kama mtu mwenye akili timamu anavyofanya. Alijua miaka imepita na mwalimu amefundisha mamia baada yake. Hakumwandikia kwamba mimi ni Neema unanikumbuka. Alimtumia mradi wake wa mwisho, picha ya vipande vya kitambaa walivyochemsha pamoja maabara, na ukurasa mmoja wa kazi alizozifanya tangu siku hiyo. Mwalimu akajibu haraka, akasema anakumbuka hata jinsi chumba kilivyonuka. Barua ikaenda.

Ya pili akaiomba kwa Kibwana. Amwombe nani mwingine? Ndiye aliyemwajiri.

Kibwana alifurahi hadi akasimama. Alisema ataiandika mwenyewe, kutoka moyoni, hataki msaada. Alijifungia, akazungumza na simu yake kwa Kiswahili, simu ikatafsiri Kichina, akachapa, akagonga muhuri, akaituma chuoni moja kwa moja kama walivyotaka. Neema hakuiona.

Baada ya wiki kama mbili Kibwana alitoka ofisini kwake uso unang'aa. Alisema chuo kimempigia simu kuhakikisha, wamemuuliza kama Neema ni binti yake.

"Nikawaambia ndiyo. Binti yangu kabisa, nimemlea kwa mkono wangu."

Watu wakapiga makofi. Neema hakupiga. Yeye alikuwa amesoma masharti, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba mdhamini asiwe ndugu wa mwombaji.

Kesho yake nikaenda naye chuoni. Kulikuwa na ofisa mmoja wa wanafunzi wa kigeni, mwanamke kijana, mstaarabu, na faili la Neema limeshawekwa pembeni mwa meza. Alitusomea ile barua. Ilisema Neema ni binti yake anayempenda. Ana heshima, mtiifu, hana makuu. Yeye ni Mkristo lakini mwezi wa Ramadhani huandaa futari ya ofisi nzima. Mke wa Kibwana alipolazwa, Neema alilala naye hospitali. Wageni wakija kutoka nyumbani, Neema huwapokea uwanja wa ndege na kubeba mizigo yao. Kila neno lilikuwa kweli. Kama Neema angekuwa anatafuta mume, kwa barua ile angechagua. Kitambaa hakikutajwa hata mara moja. Rangi, leso, Zhongda, kanga, hakuna.

Miaka yote ile ya kusimama kwenye maghala, kukunjua marobota, kufukuzwa na kurudi, na yote mwajiri wake aliyoyaona ni futari na mizigo ya wageni.

Neema akajieleza vizuri. Alisema kwetu mtu mzima yeyote ni baba au mama, hata wa dukani, hata wa njiani, na kwamba Kibwana si ndugu yake kwa damu wala kwa ndoa. Ofisa akasikiliza, na nikaona anaanza kuelewa. Akaniangalia mimi, akamuuliza Neema na huyu ni nani. Na Neema, maskini, kwa mazoea ya kila siku, akatafsiri neno kwa neno kama linavyoitwa ofisini kwetu. Akasema huyu ni dada mkubwa wa mama yangu.

Ofisa akaweka kalamu chini.

Ningecheka kama lingekuwa jambo la mtu mwingine. Nikaingilia kwa Kichina changu cha sokoni, nikasema mimi ndiye niliyemfundisha kazi, mimi nitaandika barua. Akaniuliza wadhifa wangu. Nikamwambia mkaguzi. Akaomba kuona kibali changu cha kazi. Nikampa. Akakisoma, akanigeuzia na mimi nisome, kwa heshima kabisa, bila dharau. Imeandikwa msaidizi wa ofisi. Ndivyo Kibwana alivyoniandikisha nilipoingia, na ndivyo nilivyobaki hadi nimestaafu. Msaidizi wa ofisi hawezi kusema mkaguzi wa vitambaa ni hodari au si hodari. Nilikuwa nimekataa makontena mazima, lakini pale mbele ya meza ile sikuwa mtu wa kusadikika. Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo maishani, na nimeshaolewa mara mbili.

Ofisa alikuwa mwema. Alisema faili hatalifunga hadi Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Neema alete barua nyingine ya mtu anayeijua kazi yake, mwenye wadhifa, mwenye muhuri, asiye ndugu, na kama ni mwajiri yule yule basi aandike waziwazi kwamba si binti yake.

Tulirudi ofisini moja kwa moja. Kibwana alikuwa peke yake na kahawa yake. Neema alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, akamweleza yote bila kumlaumu. Alimwomba barua fupi tu, mistari michache: kwamba yeye ni mwajiriwa, ni mkaguzi wa vitambaa, na hawana undugu.

Kibwana aliweka kikombe chini.

"Nikuandikie kwamba si mwanangu?"

"Uandike kwamba mimi ni mfanyakazi wako, Baba."

"Nikukane. Kwa maandishi, na muhuri juu, Wachina wasome."

Nikasema, "Kibwana, hakuna anayekwambia umkane. Andika kazi anayoifanya."

Sikuwahi kumwita jina lake kavu kavu. Alinitazama kama nimemmwagia maji. Kisha akasema neno ambalo ndilo linaloniamsha hadi leo.

"Kazi ipi, Ma'mkubwa? Hapa si tunasaidiana?"

Na machozi yalikuwa yanamlenga. Hakuwa anaigiza, nawaapia. Aliumia kweli, aliona mtoto anamkataa. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi. Mwizi anayejua kuwa anaiba unaweza kumshitaki. Huyu alimchukulia mtu miaka yake huku anampenda, akaiita malezi, na alipoombwa aseme kwa kinywa chake kwamba ilikuwa kazi, akajiona yeye ndiye aliyeibiwa. Na labda, kule ndani kabisa, alijua pia kwamba ukishaandika mtu ni mkaguzi, lazima umtendee kama mkaguzi. Lakini hilo ni la kwangu, sina ushahidi.

Kwenye ngazi Neema alikaa chini. Alisema basi Ma'mkubwa, labda si riziki yangu. Nikamwambia riziki asiisingizie, tumtafute mwingine. Tukawataja wateja, tukawataja mawakala wa meli, wote walikuwa wakimjua kama binti wa Kibwana. Ndipo nikamuuliza ni nani katika mji huu mzima aliyewahi kumkasirisha kuliko wote. Alicheka bila kutaka.

"Laoban Liang. Lakini yule si atanirushia kikombe."

"Akikurushia, atakuwa anakukumbuka," nikamwambia. "Twende."

Tulimkuta Liang dukani kwake, amekaa katikati ya marobota, anamenya chungwa. Alipomwona Neema hakumsalimia, aliuliza leo umeona kasoro gani. Neema akamwambia hakuja kukagua, amekuja kuomba barua, na akamweleza ni ya nini na kwa nini mwajiri wake ameshindwa kuiandika. Hakupamba. Alimwambia kwamba ofisini kwao hana wadhifa wowote, anaitwa binti tu.

Liang alimaliza kumenya chungwa. Kisha akauliza, taratibu, kwa hiyo miaka yote hii alikuwa anagombana na binti wa mtu?

Neema akasema hapana. Alikuwa akigombana na mkaguzi.

Liang akafuta mikono, akavuta karatasi. Aliandika mwenyewe, kwa mkono, kisha akamwita karani aichape. Hakutuuliza tuandike nini wala hakutaka tumwandikie yeye aweke sahihi, kama wengi wanavyofanya hapa. Alikuwa na ya kwake ya kusema. Akagonga muhuri wa kiwanda, ule mwekundu wa duara, akaupuliza. Chai hakutupa. Alisema marobota ya wiki hii yana tofauti ndogo ya rangi, Neema ataiona tu atakapokuja, kwa hiyo hawezi kuwa rafiki yake kabla ya hapo.

Kwa kuwa aliitoa bila kuifunga kwenye bahasha, Neema alinisomea kwenye basi. Iliandikwa hivi, kama ninavyoikumbuka: "Huyu alinikatalia mzigo mzima kwa sababu ya herufi moja ya lugha nisiyoijua. Nilimfukuza dukani kwangu. Siku iliyofuata alirudi na leso yake nyeupe, akakagua mzigo mwingine, na akaukubali kwa kuwa ulikuwa mzuri. Baada yake nimeajiri mtu wa kusoma maneno kabla mashine haijawashwa. Amenitia hasara, na ningemwajiri leo." Chini kulikuwa na jina lake, Meneja Mkuu, na muhuri. Neema alirudia mstari wa mzigo uliokubaliwa. Kisha akatazama nje ya dirisha mpaka tukashuka.

Basi hilo ndilo ninalowaachia, mnaofikiria kurudi shule baada ya kazi. Usimwombe barua anayekupenda mpaka umwone kama anaijua kazi yako. Muulize, kabla hujampa fomu: unakumbuka kitu gani nilichokifanya? Akianza na heshima yako na moyo wako mzuri, mshukuru, ondoka. Nenda kwa yule uliyemkatalia kitu na bado akaendelea kufanya biashara na wewe. Huyo amekuchunguza vizuri kuliko wote, kwa sababu alikuwa akitafuta kosa lako. Na mkitaka kumwita mtu baba kazini, mwiteni, mimi siwazuii, ila kibali chako kiandikwe kazi yako siku hiyo hiyo, kabla ya pilau.

Ofisa wa chuo aliipokea barua Alhamisi. Kibwana alinuna wiki nyingi, akawaambia watu kwamba Neema amekwenda kuianika familia kwa watu wa nje. Neema aliendelea kufika kazini, akiwaamkia wote, akikagua vitambaa. Majibu yalikuja nikiwa nimebakiza siku chache nistaafu. Amepata. Chuo na ufadhili, vyote.

Jioni ile Kibwana aliandika kwenye kundi la simu la ofisi, lile mliomo wote. Mlilisoma. "Hongera binti yetu Neema kwa kuchaguliwa chuo kikuu. Haya ndiyo matunda ya malezi ya familia hii. Baba yako najivunia." Maua yakaanza kumiminika, mikono ya dua, mabusu. Wengine ni ninyi mnaosoma hapa. Nilisubiri Neema ajibu. Hakujibu. Nikajua yuko mahali amekaa na simu mkononi, anasoma jinsi anavyochukuliwa tena.

Nikavaa miwani, nikaandika kwa kidole kimoja, polepole nisikosee hata herufi: "Neema hakulelewa hapa. Alifanya kazi hapa."

Baada ya hapo hakuna aliyeweka ua.